Mbwa Aliyepiga Miayo

Kila siku akitoka shule, Larissa alivua sare yake ya bluu na nyeupe, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akala wali na pondu, majani ya muhogo, alivyofunikiwa kwa sahani. Akishakunywa maji, alimpokea mdogo wake Carlos, mwenye umri wa miaka mitatu. Hapo mama yao, mama Florentine, alijitwika beseni la samaki waliokaushwa na kwenda nalo sokoni. Baba yao, papa Timothée, kwa saa hizo huwa barabarani na toleka yake, baiskeli ya kubebea abiria. Basi katika lupango lao, yaani ua wao, mtaani Mangobo, walibaki watatu: Larissa, Carlos na mbwa wao Watasema.

Papa alimnunua Watasema kwa mwindaji mmoja wa Bengamisa. Alimpa jina hilo ili majirani wenye kupenda umbea wajue kwamba amewasikia. Alikuwa mbwa mdogo, mwekundu kama matofali, mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja mgongoni kama pete. Paji lake la uso lilikuwa na mikunjo mingi, kama mzee anayewaza ada ya shule. Mbwa wa aina hiyo hawabweki. Ndiyo maana wawindaji huwavika kengele ya mti shingoni, wajue walipo msituni. Nyumbani hakuvikwa kengele. "Huyu ni mpole," watu walisema, "hata sauti hana."

Alhamisi ile wasichana wa barabara ya pili walikuja kucheza nzango nyuma ya nyumba. Nzango ni mchezo wa kuruka, kupiga makofi na kumrushia mguu mwenzako, na Larissa, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa na miguu ambayo hakuna aliyeweza kuibashiri.

"Larissa, tunakungoja wewe!" aliita rafiki yake Chancelle. "Ama leo umekuwa bibi wa kulea?"

"Ninakuja!"

Lakini Carlos alimng'ang'ania sketi. "Yaya, na mimi! Yaya!" Ndivyo alivyomwita dada yake.

Larissa alitazama huku na huku. Watasema alikuwa amelala kivulini, chini ya mpapai. Wazo likamjia. Alifungua kitenge alichojifunga kiunoni, akapitisha ncha moja shingoni kwa mbwa na kufunga nyingine kwenye shina la mpapai. Kisha akamketisha Carlos karibu naye.

"Huyu ni farasi wako. Cheza naye. Usitoke hapa."

Mchezo ukapamba moto. Makofi yalipigwa, vumbi likatimka. Kila Larissa alipopumzika alitupa jicho mpapaini. Mara ya kwanza Carlos alikuwa amemkumbatia mbwa shingoni, na Watasema alikuwa amegeuza uso pembeni, akitazama ukuta. Mara ya pili alikuwa akilamba pua yake, ingawa hakuna chakula alichokuwa amekula. Kisha akapiga miayo, mirefu, mpaka ulimi ukajikunja.

"Ona Watasema, ana usingizi," Larissa alisema, akacheka.

"Anafurahi," alijibu Chancelle. "Si unaona anatikisa mkia?"

Ni kweli ncha ya mkia ilitikisika, lakini mkia wenyewe haukuwa tena pete. Ulikuwa umeshuka. Masikio yalikuwa yamelala nyuma. Larissa aliyaona hayo yote. Alisikia hata kitu kidogo kikimgusa moyoni, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Lakini zamu yake ilikuwa imefika, naye akaruka.

Carlos alipanda mgongoni kwa mbwa. Watasema alijaribu kuondoka, kitenge kikamrudisha. Akajaribu tena, kikamrudisha. Akasimama kimya, mwili mzima umekakamaa, weupe wa macho yake ukionekana pembeni. Ndipo Carlos aliposhika masikio yote mawili na kuyavuta kwa nguvu zake zote.

Hapakuwa na mngurumo. Kilichosikika ni kilio cha Carlos.

Wasichana walitawanyika kama kuku. Larissa alipofika mpapaini, mdogo wake alikuwa chini, na mkononi mwake, karibu na kidole gumba, palikuwa na matundu mawili yanayotoa damu. Kabla hata hajamwinua mtoto, alifanya jambo ambalo baadaye lilimuuma kuliko mengine yote: alifungua kwanza fundo la kitenge, akakifunga tena kiunoni mwake. Kisha ndipo akapiga kelele.

Jirani yao, mama Madina, aliingia mbio. "Kuna nini? Ee Mungu wangu! Leteni mafuta ya mawese na majivu!"

"Hapana, mama Madina, sabuni!" Ilikuwa sauti ya mama Florentine, aliyekuwa amerudi kutoka njiani kuchukua kitambaa alichosahau. Alimbeba Carlos mpaka kwenye ndoo, akamwagia maji, akasugua kwa sabuni, akamwagia tena, muda mrefu, huku mtoto akipiga mateke. Ndipo akageuka. "Larissa, imekuwaje?"

Larissa alifungua kinywa. Ukweli ulikuwa hapo hapo, mwepesi kutamka. Lakini kilichotoka ni kingine.

"Alikuja tu akamwuma, mama. Carlos alikuwa amekaa na kijiti chake. Hakumgusa hata kidogo."

"Bure tu?"

"Bure tu."

Watasema alikuwa amejibana chini ya kichanja cha kuni, kichwa chini, mkia katikati ya miguu. Papa alipofika na kumkemea, mbwa alizidi kujikunyata na kulaza masikio.

"Muone uso wake!" Papa alisema kwa hasira. "Anajua alichofanya. Hata yeye mwenyewe anakiri!"

Watu waliokusanyika wakatikisa vichwa. Hakuna aliyemtazama Larissa. Alisimama pale akiwa ameinua kidevu, uso umetulia, na kitenge kimembana kiuno kana kwamba kuna mtu anayekikaza.

Hospitalini, muuguzi aliosha jeraha tena, akamchoma Carlos sindano ya kwanza. Kisha akauliza, "Mbwa huyo amechanjwa?"

"Hapana," alijibu mama kwa aibu.

"Alichokozwa?"

Mama alimtazama Larissa. Mara ya pili ukweli ulisimama mlangoni, na mara ya pili Larissa akaufungia nje. "Hapana," alisema.

Muuguzi hakufurahia jibu hilo. "Bon. Kesho tutamtuma daktari wa wanyama. Mumfunge mbwa mahali pa peke yake, mtu asimguse. Na mtoto atarudi hapa kwa sindano nyingine. Msikose hata moja."

Jioni ile mama alipika samaki mwenye pilipili, chakula ambacho Larissa hakukataa kamwe. Siku hiyo alimega tonge moja tu. Carlos, mkono ukiwa umefungwa bandeji, alikuja kumwegemea.

"Yaya, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mimi ninaumwa hapa," mtoto akasema, akainua mkono wake. Halafu, kwa sababu alimpenda dada yake, akamwekea kipande chake cha samaki kwenye sahani. Larissa aliinuka haraka akatoka nje, machozi yake yasije yakaonekana.

Nje alimsikia papa akizungumza kwa simu. "Ndiyo, Sébastien, kesho jioni. Uje na gunia. Mbwa anayeuma mtoto bure, siwezi kulala naye lupango moja."

Tonton Sébastien alikuwa ndugu mdogo wa papa. Larissa alijua gunia ni la nini.

Asubuhi, njiani kwenda shule, alimwambia Chancelle, "Nitasema."

"Useme nini? Uchapwe?" Chancelle alisimama katikati ya njia, mikono kiunoni. "Ni mbwa tu, Larissa. Papa yako atanunua mwingine. Mimi, donc, sikuona kitu. Nilikuwa ninaruka."

Darasani mwalimu alimwuliza Larissa swali mara mbili. Hakusikia. Mbele ya macho yake alikuwa akiona mbwa anayevuta kitenge, na kitenge kikimrudisha.

Alipofika nyumbani, daktari wa wanyama alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa dada mwembamba aliyevaa buti za mpira, na alijitambulisha kwa jina la daktari Hélène. Wazazi wote wawili walikuwa wamebaki nyumbani. Watasema alikuwa amefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya ukuta. Daktari hakumwendea. Alichuchumaa mbali, akimpa ubavu, bila kumkazia macho.

"Papa Timothée," alisema, "kuna jambo moja ninalotaka kujua. Mbwa aliyekuwa mpole jana, leo anamwuma mtu aliyekaa tu bila kumgusa: hiyo inaweza kuwa dalili ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukianza kwa mtu, hauna dawa. Kwa hiyo sitangoja. Nitamwua mbwa leo, tumpime, na ninyi nyote aliowalamba mtachomwa sindano. Lakini kama aliumizwa, au alibanwa akakosa pa kwenda, hiyo ni habari nyingine. Mbwa yeyote mzima angeweza kufanya hivyo. Basi tutamfunga na kumtazama siku kumi. Mtoto ataendelea na sindano zake kwa vyovyote. Sasa nani aliona?"

"Ni huyu," papa alisema.

Daktari alimgeukia Larissa kwa upole. "Dada yangu, kabla ya kuuma, uso wake ulikuwaje? Masikio? Mkia?"

"Sikuona," Larissa alijibu, akitazama vidole vya miguu yake. "Ilikuwa haraka."

"Mimi ni Watasema!" Carlos alipaza sauti kwa furaha. Alikwisha kuchoka kuona watu wazima wakizungumza bila yeye. Alipiga magoti, akatambaa kwa mikono, ule wa bandeji ameuinua. Akageuza uso pembeni. Akalamba midomo. Akafungua kinywa, akapiga miayo mirefu mpaka akakohoa.

Mama Madina, aliyekuwa ukutani akisikiliza, alicheka. Papa naye akacheka. Hata daktari alianza kucheka, kisha akanyamaza.

"Alifanya hivyo, mtoto? Alipiga miayo?"

"Mingi!" Carlos alisema.

"Daktari, usimsikilize," mama aliingilia. "Iko mutoto wa miaka mitatu. Juzi aliniambia bata amevaa viatu."

Daktari alitazama mpapai, akamtazama mbwa, akamtazama Larissa. Alingoja. Larissa alihisi macho yale, lakini hayakumvuta kwa nguvu. Yalimwachia nafasi.

"Kweli," daktari akasema hatimaye. "Mtoto mdogo kiasi hiki hawezi kuwa shahidi." Alisimama, akafungua mfuko wake, akavaa glavu.

Papa alimshika Carlos mkono ili ampeleke ndani. Watasema aliona watu wakisogea. Mikunjo ya paji lake ikazidi. Masikio yakalala, ulimi ukalamba pua, uso ukageukia ukutani. Alikuwa akifanya yale yale, moja baada ya jingine, kama mtu anayerudia ombi lake kwa maneno machache anayoyajua. Na safari hii hapakuwa na mchezo wa kumfanya Larissa aangalie kwingine.

"Hakuwa na usingizi," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo. Mama akageuka. "Umesema nini?"

"Watasema. Hakuwa na usingizi. Alikuwa anaogopa." Machozi yakaanza, lakini hakuyangoja yaishe. "Mimi nilimfunga, mama. Nilimfunga kwa kitenge kwenye mpapai, nikamwacha Carlos ampande, nikaenda kucheza nzango. Alitaka kutoka, hakuweza. Nilimwona akigeuza uso. Niliona yote. Carlos alimvuta masikio ndiyo akamwuma. Na... na nilifungua kitenge kwanza. Kabla ya kumwinua Carlos."

Mama Madina alitoweka ukutani polepole.

"Ulifungua kitenge kwanza," mama alirudia. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa zito kuliko kofi. "Mdogo wako anatoka damu, na wewe unaficha kitenge."

"Ndiyo, mama."

Papa alikaa kwenye gogo, akajishika kichwa. "Na mimi nilisema uso wake unakiri kosa! Nilimpigia Sébastien simu!"

"Wengi husema hivyo, papa," daktari alisema, akivua glavu. "Mtu akikemewa na kuinamisha kichwa, tunasema anaona aibu. Mbwa akiinamisha kichwa mbele ya hasira yako, anaomba tu hasira iishe. Angefanya hivyo hata kama hajatenda lolote. Huo si uso wa kukiri. Ni woga."

Kisha akamketisha Larissa kando yake, akamweleza bila haraka. Mbwa anapokuwa na raha, mwili wake ni laini, macho ni laini, mkia hutikisika pamoja na kiuno. Anapotaka uondoke, hugeuza uso. Usipoelewa, hulamba midomo bila chakula au hupiga miayo bila usingizi. Usipoelewa tena, hulaza masikio, hushusha mkia, huonyesha weupe wa macho. Na akikakamaa kimya kabisa, hayo ndiyo maneno yake ya mwisho.

"Wengine hunguruma kabla ya kuuma, wengine hapana," daktari alisema. "Huyu wenu hana hata sauti ya kubweka. Mwili ndio kinywa chake. Jana alisema mara ngapi kabla ya kuuma?"

Larissa alihesabu moyoni. "Mara nyingi," alinong'ona.

"Basi asante kwa kuwa umemsemea leo. Umechelewa, lakini hujachelewa mno."

Tonton Sébastien alipofika na gunia lake, papa alimtuma Larissa mwenyewe akamweleze langoni. Tonton alisikiliza mpaka mwisho. "Eh, mwana wangu," alisema, "ungenifanya mwuaji wa bure." Aligeuza baiskeli, gunia likiwa limekunjwa chini ya kwapa, akaondoka bila kunywa hata maji. Hilo nalo Larissa alilibeba.

Mama alimpa adhabu. Hakuna nzango mpaka daktari arudi. Kila asubuhi na kila jioni atamsogezea mbwa chakula na maji kwa fimbo ndefu, bila kumgusa, na amweleze papa anavyomwona: anakula? anakunywa? masikio yakoje? Mwanzoni Watasema alijibana ukutani kila Larissa alipokaribia. Larissa alijifunza kuweka sahani na kurudi nyuma mara moja. Hakumwita. Hakumbembeleza. Alijua hana haki ya kuharakisha. Wasichana walipiga makofi upande wa pili wa ukuta, Chancelle akiita jina lake kwa utani, naye aliendelea kukaa mbali kidogo na mbwa, akimpa ubavu kama alivyofanya daktari.

Siku zilipotimia, daktari Hélène alimkuta mbwa mzima, akamchanja na kumfungua kamba. Watasema alijikung'uta mwili wote, akaenda kunusa mikono ya Carlos, kisha ya mama. Kwa Larissa alisimama mbali, akageuza uso.

"Haya," Larissa alimwambia, akasogea nyuma. "Nimesikia."

Sindano ya mwisho ya Carlos ilikuwa baadaye, Alhamisi moja baada ya shule. Walikwenda watatu, mama, Larissa na yeye. Alipoitwa, Carlos alipanda kwenye kiti bila kulia. Alikaa wima, akitabasamu.

"Huyu ni jasiri!" muuguzi alisifu, akiandaa sindano. "Hata haogopi."

Larissa alimtazama mdogo wake. Tabasamu lilikuwepo, ni kweli, lakini halikusogea. Mabega yalikuwa yamepanda mpaka karibu na masikio. Vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja ndani ya sandali, na macho yalikuwa yakitazama mlango.

"Samahani, mama muuguzi," alisema. "Anaogopa. Tunaweza kungoja kidogo?"

Muuguzi alishusha sindano. Larissa alichuchumaa kando ya kiti, ubavuni, asimzibie mlango. "Carlos, ukiogopa, sema. Ukitaka kulia, lia. Sisi tuko hapa."

Tabasamu likavunjika, na Carlos akalia kilio kikubwa, cha kutoka tumboni. Mabega yakashuka. Alipomaliza, alimpa muuguzi mkono yeye mwenyewe, na mkono mwingine akampa dada yake.

Kurudi nyumbani walitembea kwa miguu, kwa sababu mama alitaka kusema.

"Larissa, ulifanya makosa mawili siku ile," alianza. "La kwanza ni la kutotazama vizuri. Uliona miayo, ukaita usingizi. Hilo hata mimi ningelifanya, hata papa yako alilifanya, na dawa yake ni kujifunza. Umejifunza. Leo umemsoma mdogo wako kuliko muuguzi, kuliko hata mimi niliyemzaa."

Larissa aliendelea kutembea. Alijua kuna la pili.

"La pili ni kwamba ulijua, ukanyamaza. Ukamwacha asiyeweza kusema abebe mzigo wako, kwa sababu hawezi kusema. Hilo halina dawa ya darasani. Mtu akiweza kusema, atajitetea. Lakini mbwa, mtoto mchanga, mgonjwa, hao wanategemea macho yetu kwanza, na baada ya macho, ukweli wetu. Ukiwa na macho bila ukweli, mwanangu, ni afadhali ungekuwa kipofu."

"Nisamehe, mama."

"Nilikusamehe pale pale ulipofungua kinywa mwenyewe, hakuna aliyekukamata. Lakini kusamehewa si kusahau. Usisahau."

Carlos alikuwa katikati yao, akiruka madimbwi. Mkono wake, ule wenye alama mbili ndogo karibu na kidole gumba, ulikuwa ndani ya mkono wa Larissa. Larissa aliushika bila kuubana, na njia nzima aliusikiliza, ajue ni lini vidole vile vinataka kuachiwa.